Akiba Ndani ya Mshono

Msasani,
12 Mei 2024

Dada Sesilia,

Shikamoo. Najua utashangaa bahasha, maana tangu tutoke Masasi hakuna aliyekuandikia zaidi ya watu wa umeme. Umenibloku tangu Pasaka, nikipiga simu inalia mara moja na kukata, na kuja Chanika kugonga mlango ambao huenda usifunguliwe siwezi. Leo nimemkuta jirani yako Jamali na kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, anashusha mchicha kwenye mgahawa ulio ubavuni mwa duka langu. Nikamwomba abebe na karatasi. Amecheka, lakini kakubali.

Mie nipo, goti linauma asubuhi tu, likipata joto linanyamaza. Mvua huku imeingia dukani ikalowanisha sanamu mbili za kuvalisha nguo. Shemeji hajambo? Nilimwona Mwenge mwezi uliopita kabeba gogo la mpingo begani. Sikumwita, nilikuwa na wateja ndani ya gari. Nisalimie sana.

Sasa lililonifanya niandike. Tabu alinipigia kutoka Masasi baada ya zamu yake wodini. Habari za Albano na posa unazijua wewe kuliko mie, na kwamba send-off ya kumuaga ni Novemba. Lakini mwanao kaniomba nimshonee gauni la send-off. Sikumwomba mie, dada. Yeye ndiye aliyesema, "Mama mdogo, nataka la kwako." Nikaona afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa watu.

Nikamwomba vipimo. Unajua alivyonijibu? "Mama ndiye anayeujua mwili wangu, muulize yeye." Nesi mzima, mtu mwenye mshahara wake, hajawahi kupimwa na mkono mwingine zaidi ya wako.

Basi nakuomba vipimo.

Mdogo wako,
Editha


Chanika,
2 Juni 2024

Editha,

Marahaba. Barua ilifika siku ileile uliyompa Jamali, kwa hiyo usimlaumu. Niliiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini, nikawa kila nikitafuta uzi naikuta.

Huku matope hadi magotini, kirikuu cha Jamali kilinasa hapo kwenye korongo kutwa nzima. Baba Tabu anaumwa jicho kwa vumbi la mpingo, nimemwambia avae miwani anasema miwani inamzuia kuona. Kuku mweusi katotoa, mwewe kashachukua wawili. Shemeji yako alikuona Mwenge, kwa taarifa yako. Naye hakukuita.

Umeuliza kwa nini nilikutoa kwenye simu. Hukuuliza, lakini nakujibu. Wivu. Naandika kwa kalamu ya bluu uone vizuri. Kila nikifungua simu ni wewe, wewe na taa, wewe na vipaza sauti. Elinaza, mteja wangu wa miaka yote, anakuja na kitenge chake na simu yake, ananionyesha gauni lako: "Mama Tabu, nishonee kama hii ya mdogo wako." Nakaa na miguu iliyovimba nashona. Akilivaa kanisani wanasifia mtindo wa Editha. Mie nimekuwa nani hapo, dobi?

Na ulivyosema kwenye televisheni ndiyo uliniua. Eti mwaka huu Watanzania tunavaa rangi ya haradali, mikono mipana, kiuno cha kubana. Watanzania gani hao? Siku hiyo nilikaa barazani kutwa naisubiri hiyo haradali ipite. Njano niliyoiona ni madumu ya maji. Walipita wenye madera, wenye khanga, wenye fulana za kampeni zilizopauka, wenye mitumba ya Karume. Akapita mwalimu mkuu na suruali niliyomshonea kabla hajaota kitambi, na bado inamtosha, kwa sababu ndani ya mshono niliacha akiba ya kitambaa, kila kitambi kilipokua nikawa naifumua na kuiachia. Nyie nguo zenu hazina akiba. Mnakata ukingoni kabisa, mtu akila pilau la sikukuu, nguo ndiyo basi tena.

Tabu nimemshonea la ubatizo, la komunyo, sare zote za shule, la kipaimara, la mahafali. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna nguo ya mwanangu itakayotoka mkononi mwa mtu mwingine, tena nguo ile ambayo watu wote watamtazama. Na hakuniambia. Juzi tumeongea kwenye simu hadi salio likaisha, habari za ukumbi, wapambe, keki, ila gauni hakulitaja hata kwa bahati mbaya. Nimelisikia kwako. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Vipimo nitavitafuta.

Sesilia


Msasani,
23 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikakasirika, nikairudia nikacheka kwa yale madumu, nikairudia nikakasirika tena.

Pole ya jicho la shemeji. Nimempa Jamali dawa ya matone, mwambie aweke akiwa amelala chali na asipanguse kwa shuka. Goti langu limepoa. Dukani nimepata binti wa kunisaidia kupiga pasi, ameunguza blauzi moja, tunaendelea.

Unaniuliza Watanzania gani. Unadhani sijui watu wanavaa nini? Nimezaliwa kwenye nyumba moja na wewe, tumevaa khanga moja tukiipokezana. Walinialika niseme mtindo wa mwaka, nikasema. Ningesema mtindo wa mwaka ni dera, wangeniita tena?

Na aliyenifundisha kukata ni nani? Nilikuja kwako enzi zile za Temeke sijui hata kutunga uzi kwenye sindano. Mkasi wangu wa kwanza ulinipa wewe. Nikikata karibu na mstari ulinichapa vidole kwa rula: "Akiba, Editha. Mwili haukai ulivyo." Nimejua kushona, umenuna. Ningeshindwa ungesema mie mvivu.

Tabu hakukwambia kwa sababu anakuogopa. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka nikwambie mie ili ukinuna uninunie mie. Nimekubali kununiwa.

Sasa sikiliza. Send-off ni tarehe 16 Novemba. Siku hiyohiyo nina onyesho Zanzibar, nimeshasaini, sitakuwepo Chanika. Harusini Temeke tarehe 30 nitakuwepo. Na Tabu ruhusa yake inaanza siku mbili tu kabla ya send-off. Maana yake gauni litavaliwa bila mie kuwepo na bila kujaribishwa kwangu. Likikosea, atakayesimama mbele ya watu na nguo isiyofunga ni mtoto wetu. Kwa hiyo nahitaji vipimo vya kweli, dada, na ni wewe tu unayevijua.

Na usinitukane kwa rangi. Kachagua mwenyewe haradali.

Editha


Chanika,
4 Agosti 2024

Mdogo wangu mpenzi Editha,

Marahaba, marahaba sana. Nashukuru Mungu kwa kutuamsha salama, sie na nyie. Dawa ya matone imefanya kazi, shemeji yako sasa anaona hadi vitu ambavyo sikutaka avione, juzi kaona nimebadilisha pazia. Vifaranga vimebaki vinne, vimekua. Mihogo tumevuna, nimemwekea Jamali kiroba kimoja akuletee, ichemshe na nazi, usiikaange kwa mafuta mengi ukasumbuliwa na kiungulia chako.

Nimefikiri maneno yako nikaona una haki. Sherehe ni ya mtoto.

Vipimo vya kuandika vina makosa, mtu anaandika saba inasomeka moja. Nimeona nikutumie nguo ya kipimo, kama tulivyofanyaga na wateja wa mbali: unatumiwa nguo inayomkaa mtu, unakata kwa hiyo. Kwenye kifurushi kuna gauni la bluu la Tabu. Linamkaa vizuri. Kata kama lilivyo.

Usimsumbue Tabu kwa maswali ya mwili, yuko zamu za usiku na amechoka.

Sina zaidi.

Dada yako akupendaye,
Sesilia


Msasani,
1 Septemba 2024

Dada Sesilia,

Shikamoo. Mihogo nimekula na nazi kama ulivyoagiza. Binti wa pasi alikula zaidi yangu. Sina kiungulia, asante kwa kukumbuka.

Gauni la bluu limefika. Nimelitambua hata kabla sijalikunjua. Ni lile la mahafali ya kidato cha nne, nilikuwepo siku ile, Tabu alilimwagia soda ya chungwa na doa bado lipo kwa chini.

Nimelifumua ubavu mmoja nione lilivyokatwa, nitalirudishia. Dada, kwa ndani lina historia nzima. Kuna mstari wa matundu ya sindano ulipoanzia, halafu mwingine pembeni yake, halafu mwingine, kila ulipoliachia kidogo mtoto akikua. Mstari wa mwisho umefika ukingoni kabisa. Hakuna kitambaa kilichobaki. Nilipitisha kidole kwenye ile mistari, nikaona wivu ambao sijawahi kuuona, na mie si mgeni wa wivu.

Wewe umeandika wa kwako kwa kalamu ya bluu, ngoja na mie niandike. Unajua nguo zangu huwa zinaenda wapi? Zinarudi. Binti wa picha anavaa, anapigwa picha, anavua, nguo inarudi na manukato yake. Wengine wanakuja dukani wanajaribu mbele ya kioo, wanajipiga picha, wanasema watarudi. Anayenunua anavaa usiku mmoja. Sijawahi kuona nguo yangu imechakaa. Siku ile nilipokuja kwenu Pasaka, tangu nashuka stendi hadi mlangoni kwako nilipita kamba za nguo za watu. Nikawa naona: lile pindo ni la Dada Sesi, kola ile ni ya Dada Sesi, ile sketi imeungwa kiraka na mkono wake mwenyewe. Mtaa mzima umekuvaa wewe. Ndiyo maana nilikuwa na maneno makali mezani, na ndiyo maana ukanibloku. Hukujua, nami sikusema.

Nikifika nyumbani navaa lile gauni la kitenge ulilonishonea nilipohama Temeke. Limetoboka kwapani.

Mambo mengine ya nyumba yenye watoto, zaidi ya ile mistari ya matundu, mie siyaandiki. Unajua kwa nini, yangu haina.

Tabu alinitumia picha juzi, yuko na wenzake wa wodini. Kapendeza. Masasi inamkubali.

Naanza kukata wiki ijayo.

Editha


Chanika,
20 Oktoba 2024

Editha,

Marahaba. Sie wazima. Mvua za vuli zimechungulia zikarudi zilikotoka. Baba Tabu kauza kinyago kikubwa, kanunua redio. Tunashinda na makelele.

Gauni limefika jana. Jamali alilibeba mbele kitini kwake kama abiria, mchicha nyuma. Nimelitundika ukutani sebuleni. Baba Tabu alilitazama hadi chai ikapoa, halafu akasema, "Huyu Editha kweli kajaliwa." Nikamwambia chai imepoa.

Ni zuri. Nimeandika, usiniulize tena. Nimelichukia kwa uzuri wake. Mikono imekaa, kola imekaa, hiyo haradali nayo, ukiitoa kwenye madumu ukaileta kwenye kitambaa kizito, inakubali. Nililigeuza nione ulivyoshona ndani, nikakuta umelifunika bitana kuanzia juu hadi chini. Watu wa mjini mnaficha kazi zenu. Lakini najua mnavyokata.

Na mie nilinunua kitambaa Kariakoo, cha maua madogo, nashonashona jioni nisikae bure. Cha nani, hata sijui. Kikikaa hivihivi kitaliwa na panya.

Kuhusu Pasaka uliyoandika, kumbe. Nimesoma nikaweka barua kwenye droo, nikaitoa tena. Sikujua kuna mtu anatazama kamba za nguo za Chanika akatamani.

Kuna jambo nilitaka kuliandika hapa, kalamu imekataa. Onyesho lako liende vizuri.

Sesilia


Chanika,
18 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi, nianze na salamu basi. Wote wazima. Tabu yuko hapa ndani analala, kachoka. Nakuandikia kwenye meza ya kukatia.

Nguo niliyokutumia unaijua. Sitazunguka. Mtoto hajaivaa tangu amalize chuo, akiba yake iliisha kama ulivyoona mwenyewe, na Pasaka nilishamwona ameongezeka mwili, mikono imejaa, kapendeza na unene wake. Nilikutumia hiyo nikijua. Nilitaka gauni lako ligome, na mie nifungue kabati nitoe la kwangu, lile la maua madogo. Nililishona kwa mwili wake wa sasa. Nilishalipiga pasi.

Tabu alifika Alhamisi. Kuingia tu akalikimbilia lililo ukutani, akataka kulijaribu. Nikamwambia ni mkosi kuvaa gauni la send-off kabla ya siku yake. Hakuna mkosi kama huo, nilitunga palepale. Akaamini kwa sababu nimesema mie.

Jumamosi saa ya kuvaa ikafika. Chumbani tulikuwa mie, Tabu, na Elinaza na pini zake mdomoni. Gauni likapanda, likafika mgongoni, zipu ikagoma katikati. Elinaza akavuta. Ikagoma. Hapo ndipo nilipokuwa napangoja tangu Agosti, Editha, nikasogea hadi kwenye kabati, nikashika kitasa.

Nilijua atasema mama mdogo kakosea. Nilikuwa nimeshaandaa na la kujibu. Hakusema hivyo. Alisema, "Vipimo katoa mama, na mama hakosei. Basi ni mie. Nimenenepa vibaya." Akachukua taulo akajifunika, na mie mama yake nipo hapohapo, akajifunika. Siku ya send-off yake mtoto wangu anauonea aibu mwili wake, mwili ninaoujua tangu unaenea kwenye beseni.

Nikaachia kitasa. Nikamwambia kaa. Nikachukua wembe nikafumua bitana yako, bila tumaini lolote, nikijua mnakata ukingoni, ili tu mikono yangu iwe na la kufanya. Nikakuta akiba. Pande zote mbili, vidole vitatu kila upande, imekunjwa vizuri na kupigwa pasi. Na umeishikiza kwa uzi mwekundu, mshono mrefu wa mkono, ule ninaowekaga mie nikitaka kitu kifumuke kwa kuvuta mara moja. Nikavuta. Ukatoka wote kwa pamoja.

Elinaza aliniuliza nalia nini. Nilimwambia moshi, na jikoni hakukuwa na moto.

Nilishona palepale chumbani, huku ukumbini mshereheshaji akiwachezesha watu muziki wakati wananisubiri. Zipu ikapanda hadi juu. Tabu akajigeuza kwenye kioo, akajishika kiuno kwa mikono miwili, akacheka. Sijawahi kumwona amependeza vile, na sijalishona mie, na nimeliandika hilo bila kulikata kwa kalamu.

Ukumbini waliniuliza nani kashona. Wa kwanza nilimjibu mie. Ulimi ulishatoka. Wa pili nikasema mama yake mdogo. Walioendelea kuuliza niliwaambia wewe, wewe, wewe, hadi baba Tabu akaniambia inatosha.

Leo asubuhi Elinaza kaja na simu, picha ni ya Tabu. Anataka kama lile, ila mikono mifupi, kitambaa cha kawaida, na rangi yoyote isiyo ya madumu. Nitamshonea.

La kwangu bado liko kabatini. Aliyeliona ni baba Tabu tu, na nimemkanya.

Nimekurudisha kwenye simu. Lakini usipige kwanza. Nijibu kwa karatasi: ulijua lini, na kwa nini hukunisema?

Dada yako,
Sesilia


Msasani,
22 Novemba 2024

Dada Sesi,

Shikamoo. Zanzibar nimerudi salama. Onyesho lilienda vizuri, nguo zote zimerudi.

Nilijua siku nilipofungua kifurushi. Mstari wa mwisho ulikuwa ukingoni, na Tabu kwenye picha ameijaza sare yake ya unesi. Mtu hahitaji kuwa fundi kuliona hilo.

Umeuliza kwa nini sikukusema. Usinione malaika. Nilikata gauni la kwanza kama ulivyoagiza, kwa lile la bluu, bila akiba, ukingoni kabisa. Nilitaka ligome. Nilitaka Tabu asimame pale, watu waulize, nami niseme vipimo nilipewa na mama yake, na barua ninazo. Nilitaka siku moja mtoto aache kusema mama hakosei. Nilishalishona hadi mikono. Usiku nikatoka nje nimevaa lile la kitenge lililotoboka, nikaanika taulo, nikajiona kwenye kioo cha dirisha la jirani, nami nimekuvaa wewe. Nikarudi ndani nikakata jingine. Ule uzi mwekundu niliuweka ili ujue ni mkono wa nani uliokuachia akiba. Kwa hiyo hata hapo nilikuwa na roho yangu mbaya kidogo.

La maua madogo usilikanyie watu midomo. Mpe Tabu aende nalo kwa mumewe. La kwangu litakaa kwenye picha ukutani. Lako atalivaa sokoni, atalivaa na mimba, utaliachia, atanyonyeshea, litachakaa hadi atengeneze matambara. Mie ningetoa haradali yote iliyopo dukani nipate hata moja la kuchakaa hivyo.

Na hilo la kitenge nalileta Temeke kwenye mfuko. Uniwekee kiraka kwapani. Usinishonee jipya.

Harusini nitavaa lile gauni la kwanza, lile la ukingoni. Nimelijaribu, linaingia nikibana pumzi. Ukiniona nimesimama shughuli nzima, usimwambie mtu kwamba halikaliki.

Mdogo wako,
Editha